Bakuli la haradali la Waswidi si kinu

Senapsskål ni bakuli zito la mti la kusagia haradali, ambalo Waswidi, hasa wa Skåne kusini mwa nchi, hulitoa Krismasi ikikaribia. Ndani hutiwa mbegu na tufe la chuma, mara nyingi risasi ya mzinga wa zamani. Mtu hukaa, akalipakata na kulizungusha mpaka mbegu zisagike. Haradali yake huliwa na paja la nguruwe la sikukuu. Maana ni hiyo tu.

Kero ni kuliita kinu. Fundi akiambiwa "kinu", anakereza kinu kweli: kirefu, kuta wima, chini bapa. Kinu ni cha kutwanga. Mchi hupanda na kushuka palepale. Humu hakitwangwi kitu. Tufe la sentimita 10 lina karibu kilo 3.8, na uzito huo husaga pale tu linapobiringika bila kukwama. Kwenye chini bapa, tufe likifika pembeni hugusa sakafu mahali pamoja na ukuta mahali pamoja. Katikati hubaki upenyo, na mbegu hujificha humo zikiwa nzima hata ukizungusha saa nzima.

Kwa hiyo ndani iwe mbinuko mmoja usiovunjika tangu ukingo hadi kitovu. Kwa bakuli la upana wa sentimita 30, kuta ziwe na unene wa 2, kina 9, chini unene wa 3. Mbinuko huo una nusu kipenyo cha karibu sentimita 14, dhidi ya 5 za tufe. Kipimo rahisi ni kulipaka tufe chaki na kulizungusha: pasiposhika chaki pana shimo, na pa kurudia kwa patasi ni pembezoni mwake.

Mti mzuri ni mbetula (birch), mepo (maple) au mti wa Ulaya ambao Waswidi huuita bok (beech kwa Kiingereza): mgumu, vinyweleo vidogo, hauna harufu. Mwaloni hapana, maana tanini yake ikikutana na chuma na unyevu huwa nyeusi, na haradali nayo. Msonobari ni laini, tufe huuchimba. Mti mbichi hukerezwa kwanza kwa unene wa ziada wa sentimita moja, kiini cha gogo kikiwa kimeondolewa, ukakaushwa miezi kadhaa, ndipo ukamaliziwa. Ukimaliziwa mbichi utakauka ukiwa yai, na tufe litarukaruka. Vanishi isipakwe, itabanduka na kuingia chakulani. Mafuta mabichi ya kitani yanatosha.

Gramu 100 za mbegu, nusu za kahawia na nusu za njano, zinatosha kwa mara moja. Zikizidi, tufe huelea juu yake. Maji yawe ya baridi, kwa kuwa ya moto huua kimeng'enya kinacholeta ukali. Siki hutiwa baada ya tufe kutolewa, la sivyo chuma kitaacha ladha yake.

Aliyekwisha kereza lenye chini bapa asilitupe. Kama chini na kuta zina unene wa kutosha, alirudishe kwenye mashine ya kukereza na kulichimba hadi liwe mbinuko mmoja, chini pakibaki sentimita 3. Kama ni jembamba, basi ni bakuli zuri la mkate.