Abasia iliyohuishwa: maana yake, na anachokikuta mgeni

Watu wa kusini mwa Tanzania wamelizoea neno abasia kwa sababu ya Peramiho, Ndanda na Hanga, na wengi wakilisikia hufikiria kanisa kubwa la mawe. Lakini abasia hasa ni watu: familia ya watawa wanaoishi chini ya baba mmoja, abate, wakifuata Kanuni aliyoiandika Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Monasteri isiyo na abate haiitwi abasia, hata mnara wake uwe mrefu namna gani. Tena Mbenediktini huweka nadhiri ya kudumu katika jumuiya yake mpaka kufa, kwa hiyo mahali na familia hushikamana.

Familia hiyo ikitawanywa, hubaki magofu. Watawa wakirudi, sala zikasikika tena pale pale, tunasema abasia imehuishwa.

Chukua Buckfast, katika jimbo la Devon, Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1018 kama nyumba ya Wabenediktini, baadaye ikawa ya Wasitoo, wanaofuata Kanuni hiyohiyo. Mwaka 1539, Mfalme Henry VIII alipokuwa akizifunga monasteri za nchi yake, nayo ikafungwa. Kwa zaidi ya miaka 300 hapakuwa na mtawa pale. Mwaka 1882 wakafika Wabenediktini waliofukuzwa kwao Ufaransa, wakaanza kusali. Hadhi ya abasia ilirudi baadaye, mwaka 1902.

Kanisa lenyewe halikuwepo. Abate wao wa kwanza, Boniface Natter, alikufa maji mwaka 1906 meli ilipozama karibu na Hispania. Mwenzake wa safari, Anscar Vonier, alinusurika, akachaguliwa kushika nafasi yake, na akaazimia kulijenga kanisa upya juu ya misingi ileile ya zamani. Kazi ilianza mwaka 1907, na mafundi walikuwa watawa wenyewe, kwa kawaida wanne tu, wasizidi sita. Majukwaa yao yalikuwa ya miti iliyofungwa kwa kamba. Mmoja alianguka kutoka urefu wa futi 50 hivi, akapona. Mnara ulikamilika mwaka 1938, na Vonier akafariki Desemba ya mwaka huohuo. Kila nikiifikiria miaka ile 30 ya kupandisha jiwe juu ya jiwe, naona neno “kukarabati” halitoshi.

Habari hii inatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani. St. Ottilien ya Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Peramiho na Ndanda, ilifungwa na Wanazi mwaka 1941. Watawa wakarudi mwaka 1945.

Basi anayetembelea mahali kama hapa anaingia kwenye nyumba ya watu. Kuna milango asiyoruhusiwa kupita, kwa sababu ndani ndiko wanakoishi, na ukimya wanaoutunza ni sehemu ya maisha yao. Mimi namshauri mgeni apange ziara yake kwa kufuata saa za sala. Ukifika wakati wa Masifu ya Jioni, kaa nyuma usikilize: upande mmoja wa watawa unaimba ubeti wa zaburi, upande wa pili unaitikia, bila haraka. Dakika chache hizo zitakueleza kuhuishwa ni nini kuliko mwongoza wageni yeyote.

Usiogope kwamba unasumbua. Sura ya 53 ya Kanuni inaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Sura ya 66 inamtaka mlinzi wa mlango awe mzee mwenye busara, na kila atakaposikia mtu akibisha hodi, au maskini akiita, ajibu, “Tumshukuru Mungu.”