Pensheni ya VA na gharama za utunzaji: peleka fomu kabla hujagawa mali ya mzee

Malalamiko yanayofika mezani kwetu siku hizi ni ya aina mbili. Kuna familia zilizomlipa kishoka kwa kazi ya kuandaa ombi la pensheni, ambayo sheria inakataza kutozwa fedha. Na kuna zile ambazo hazikuomba kabisa kwa sababu mtu fulani aliziambia kwamba mzee hana haki, eti hakujeruhiwa vitani. Maelezo haya ni ya wote hao, na pia ya wahudumu wa majumbani wanaowaogesha na kuwalisha maveterani wa Marekani bila kujua kwamba malipo wanayopokea yanaweza kumstahilisha mzee kupata pensheni. Si ushauri wa kisheria. Kila faili lina mambo yake.

Tulimalize kwanza hili la jeraha, maana tumelisema hadi tumechoka. Fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi ni kitu kimoja, pensheni ni kitu kingine. Pensheni ya VA, yaani Wizara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani, ni ya veterani mwenye kipato kidogo aliyefikisha miaka 65 au mwenye ulemavu kamili wa kudumu, aliyetumikia kipindi cha vita na hakufukuzwa jeshini kwa fedheha. Hakuna anayeuliza alipigwa risasi wapi. Aliyekuwa karani wa stoo huko Texas mwaka 1968 anahesabiwa, kwa sababu kipindi cha vita vya Vietnam kwa waliokuwa nje ya nchi hiyo kinaanza tarehe 5 Agosti 1964 hadi 7 Mei 1975. Cha Korea ni 27 Juni 1950 hadi 31 Januari 1955. Cha Ghuba kilianza tarehe 2 Agosti 1990 na hakijafungwa. Kwa walioingia jeshini zamani zinatosha siku 90 za utumishi kamili, hata kama ni siku moja tu iliyoangukia kipindi cha vita. Walioingia baada ya tarehe 7 Septemba 1980 kwa kawaida hutakiwa miezi 24. Mjane au mgane ambaye hajaolewa au kuoa tena ana pensheni yake ya warithi.

Juu ya pensheni hiyo kuna nyongeza iitwayo Aid and Attendance. Huipata mtu anayehitaji msaada wa mwingine kuoga, kuvaa, kula au kwenda chooni, asiyeweza kutoka kitandani kwa sababu ya maradhi, aliyeko kwenye makao ya uuguzi, au ambaye macho yake yamedhoofika kwa kiwango kilichotajwa kwenye kanuni.

Hapa ndipo familia nyingi hujikatia tamaa zenyewe. Zinatazama hundi ya Social Security, yaani mafao ya uzeeni ya serikali, zinatazama kiwango cha VA, zinasema mzee ana kipato kikubwa mno. Lakini VA haitazami kipato kitupu. Inaondoa kwanza gharama za matibabu na utunzaji ambazo familia imelipa na hakuna bima iliyozirudisha. Chukulia mfano kwa viwango vya mwaka ulioanza tarehe 1 Desemba 2024. Veterani asiye na mwenza wala mtoto anayemtegemea, mwenye Aid and Attendance, ana kikomo cha dola 28,300 kwa mwaka. Kipato chake ni dola 30,000, kwa hiyo kwa macho ya haraka amezidi. Lakini anamlipa mhudumu dola 32,000 kwa mwaka. Kwenye gharama hizo huondolewa kwanza dola 848, ambazo ni asilimia 5 ya kiwango cha msingi cha pensheni. Zinazobaki, dola 31,152, zinapunguzwa kwenye kipato, nacho kinashuka hadi sifuri. Mzee huyo analipwa kiwango chote, yaani hizo dola 28,300 kwa mwaka. Aliyeonekana tajiri ana haki kamili, na sababu ni gharama ileile inayomkausha.

Mtoto anayemtunza mzazi naye anaweza kuingia kwenye hesabu hii, mradi analipwa kweli, kwa hundi au kwa njia inayoacha kumbukumbu. "Tunamsaidia tu, atalipwa pensheni ikitoka" si gharama. Hiyo ni ahadi, na VA haipunguzi ahadi.

Sasa mali. Tangu tarehe 18 Oktoba 2018 kuna kikomo kimoja cha utajiri, kilichoanzia dola 123,600 na kinachopanda kila Desemba; kwa mwaka ulioanza Desemba 2024 kilikuwa dola 159,240. Ndani yake kunahesabiwa mali ya mzee, mali ya mwenza wake, na kipato cha mwaka baada ya kuondoa gharama za utunzaji. Nyumba wanayoishi haihesabiwi, pamoja na kiwanja chake hadi eka mbili. Gari la familia na samani pia hazihesabiwi. Nyumba ikiuzwa ndipo fedha zake huhesabiwa, isipokuwa zile zitakazonunua makazi mengine ndani ya mwaka huohuo wa kalenda.

Kanuni hiyohiyo ilileta mtazamo wa nyuma wa miezi 36. VA huangalia kama ndani ya miezi hiyo kabla ya ombi kuna mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa, kuwekwa kwenye amana inayoshikwa na mtu mwingine (trust), au kununuliwa mkataba wa malipo ya kila mwezi ambao haurudishwi kuwa fedha. Adhabu haitozwi kwa chochote kilichotolewa, bali kwa sehemu tu ambayo ingevuka kikomo. Mfano: utajiri uliobaki ni dola 150,000, na mwaka jana mama alimpa mwanawe dola 20,000. Jumla ingekuwa 170,000, yaani ziada ya 10,760. Ziada hiyo inagawanywa kwa kiwango cha adhabu cha mwezi, ambacho katika mwaka huo kilikuwa dola 2,795. Jibu ni 3.85, desimali zinatupwa, adhabu ni miezi mitatu bila pensheni, ikianza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata uhamisho wa mwisho. Kwa fedha nyingi inaweza kufika miaka mitano, haizidi hapo. Mali ikirudishwa ndani ya siku 60 tangu taarifa ya adhabu, na ushahidi ukafika VA ndani ya siku 90, hesabu hurekebishwa. Kulipa deni halali, kukarabati nyumba au kununua kitu kwa bei yake si kugawa mali.

Tunasisitiza hili kwa sababu vishoka wanaishi hapa. Hawasemi wanatoza ada ya ombi, maana wanajua ni marufuku. Wanaita "mpango wa fedha", wanamuuzia mzee mkataba wa malipo, wanakula kamisheni, halafu adhabu inabaki kwa familia. Anayeruhusiwa kukusaidia kuandaa ombi ni mwakilishi wa chama cha maveterani, wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA, na ombi la mwanzo halitozwi ada na yeyote. Wakili au wakala anaweza kudai malipo baada tu ya uamuzi wa kwanza kutolewa. Jina la kila aliyeidhinishwa linatafutika kwenye tovuti ya VA; litafute kabla hujatia saini.

Fomu ya kwanza kupeleka ni 21-0966, nia ya kuomba. Inakushikia tarehe kwa mwaka mmoja wakati unakusanya karatasi. Ombi lenyewe ni 21P-527EZ kwa veterani, 21P-534EZ kwa mjane au mgane. Ambatanisha cheti cha kuachishwa jeshi, DD214, na fomu 21P-8416 ya gharama za matibabu. Aliye kwenye makao ya uuguzi aongeze 21-0779.

Fomu inayokwamisha wengi ni 21-2680, ya daktari. Daktari ana haraka, anaandika "mgonjwa ni mzee, anahitaji msaada", anapiga saini. Hapo hajatusaidia kitu. Anatakiwa aseme kwamba hawezi kuinua mguu kuingia bafuni bila kushikwa, kwamba vifungo vya shati hufungiwa, kwamba akiachwa peke yake anasahau jiko linawaka. Mhudumu anayejua hayo aandamane na mzee kliniki, au ayaandike kwenye karatasi daktari ayasome.

Na tafadhali, hati ya uwakili iliyoandaliwa na mwanasheria wenu haikupi mamlaka ya kupokea fedha za VA. Tunaletewa hati hizi kila mara, zimepigwa mihuri vizuri, na tunazirudisha. Kama mzee hawezi tena kusimamia fedha zake, VA humteua msimamizi yenyewe baada ya kujiridhisha, na ndugu anaweza kuomba awe yeye. Kama tatizo ni saini tu, kuna fomu 21-0972 ya kumruhusu mtu mwingine amsainie.

Veterani asiye na mwenza wala mtoto, ambaye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inamlipia makao ya uuguzi, hupewa pensheni isiyozidi dola 90 kwa mwezi. Wala hatuwezi kuibadilisha. Imo kwenye sheria. Kipato kikipanda au mhudumu akiacha kazi, toa taarifa mara moja, maana kilicholipwa zaidi hugeuka deni. Stakabadhi zitunzwe.

Mzee akifariki ombi likiwa bado linashughulikiwa, faili halifungwi lenyewe. Mwenza aliyebaki anaweza kuchukua nafasi yake kwa fomu 21P-0847 ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, na ombi likaendelea pale lilipofikia, kwa ushahidi uleule na mwingine utakaoongezwa.