Kuchambua ufunguzi wa filamu: kamera, sauti na majina

Ufunguzi wa filamu huanzia picha au sauti ya kwanza hadi pale mtazamaji anapojua yuko wapi, yuko na nani na anasubiri nini. Mara nyingi ni dakika 2 hadi 5. Kuuchambua si kusimulia yaliyotokea. Ni kueleza kila kilichowekwa pale kinatupa habari gani, na kinatuficha ipi.

Tazama mara tatu. Ya kwanza, zima sauti. Ya pili, fumba macho usikilize tu. Ya tatu tazama kamili, na kila picha inapokatwa andika dakika na sekunde, kinachoonekana, kinachosikika na maandishi yaliyopo. Ukianza na vyote kwa pamoja, muziki utakuteka: utaandika kwamba picha inatisha, kumbe ni ngazi tupu na kinachotisha ni fidla.

Tutunge mfano. Alfajiri, kichochoro cha Mji Mkongwe, tunausogelea mlango wa njumu. Ukiandika "kamera inasogea" hujasema kitu. Angalia baraza za pembeni. Zikipita haraka kuliko ukuta ulio mbali, kamera yenyewe inatembea. Mlango na baraza vikikua kwa pamoja, na hakuna kinachokipita kingine, kamera imesimama na lenzi ndiyo inayovuta. Ikigeuka tu kulia na kushoto, iko juu ya stendi yake. Matokeo yake ni mbalimbali: kamera inayotembea kwa kimo cha macho ya mtu hutuingiza kichochoroni, lakini lenzi inayovuta kutoka mbali hutufanya tuwe kama tunachungulia. Picha ya droni inayotoka baharini hadi Forodhani, ambayo sasa imechosha, haituweki popote. Inatuonyesha mji tu. 

Kwenye sauti swali la kwanza ni moja: aliyemo ndani ya filamu anaisikia? Barazani pana redio inapiga taarab. Sauti ni nyembamba, haina besi, inagonga kuta za kichochoro. Picha inakatwa, tunaona jahazi baharini, na wimbo ni uleule, lakini sasa umejaa, ala za kanuni na udi zinasikika kila moja. Wimbo umeiacha redio. Hakuna aliyemo jahazini anayeusikia, ni wetu sisi watazamaji. Andika sekunde ulipovuka, kwa sababu hapo ndipo mwongozaji amekuunganishia mtu wa barazani na chombo kile bila neno hata moja.

Mfano halisi unaoonyesha jinsi kamera, sauti na majina ya waigizaji na watengenezaji yanayoandikwa kwenye skrini vinavyosaidiana au kuzibana ni filamu ya Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, ya 1958. Mtu anatega bomu kwenye buti la gari, kisha kamera inalifuata gari hilo pamoja na watu waendao kwa miguu hadi mpaka wa Mexico na Marekani, zaidi ya dakika 3 bila kukatwa. Studio ilibandika majina juu ya picha hiyo na kuweka muziki wa Henry Mancini. Mwaka 1998 filamu ilihaririwa upya kwa kufuata waraka wa kurasa 58 aliouacha Welles: majina yakaondolewa, na badala ya muziki huo zikaja sauti za mtaa, muziki wa klabu moja ukififia na wa nyingine ukiingia, na redio ya gari lenyewe. Picha haikubadilika. Lakini katika toleo la zamani jicho linasoma majina na kulisahau gari. Katika jipya, redio ile ikisikika tena, bomu linakurudia kichwani kabla gari halijaonekana. Toleo jipya lina nguvu zaidi, ingawa muziki wa Mancini ni mtamu.

Kwa hiyo majina nayo huchambuliwa. Yamekaa upande gani, na je, mpiga picha aliacha nafasi tupu kwa ajili yake? Yanafunika nini? Yanabadilika pamoja na mpigo wa ngoma au yanapita kivyake? Kwa desturi ya Hollywood jina la mwongozaji huja mwisho wa majina ya ufunguzi. Angalia limewekwa juu ya picha ipi.

Kosa la kila mwaka kwenye kazi za skuli ni sentensi kama "muziki ni wa huzuni na kamera inaonyesha bahari". Kwa mfano wetu wa taarab, andika hivi: "Sekunde ya 48 wimbo wa redio unajaa, picha inakatwa kutoka barazani hadi tanga jeupe lililojaa skrini nzima, na jina la mwongozaji linatokea juu yake kwa herufi nyeupe, halisomeki mpaka jahazi ligeuke."