Mafuta hayakai ziwani: mchanga wa Shela unavyofafanua

Dhana: Chini kuna ziwa la mafuta, kisima kikilifikia, ni kuvuta tu.

Ukweli: Mafuta na gesi hukaa kwenye vitundu vidogo mno kati ya chembe za mwamba. Mtu wa Lamu ana mfano wake jirani: vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama kati ya chembe, maji baridi yakatulia juu ya maji ya chumvi, na visima vya mji vikapata riziki. Chini ya bahari mpangilio ni huohuo: gesi juu, mafuta katikati, maji ya chumvi chini. Kisima cha Sunbird-1, kilichochimbwa 2014 katika Beseni la Lamu (eneo la matabaka manene ya mwamba chini ya pwani na bahari), kilikuta gesi ya takriban mita 30 juu ya mafuta ya mita 14, ndani ya mwamba wa matumbawe ya kale. Ukivuta kwa pupa, maji ya chumvi hupanda, kama yanavyopanda kwenye visima vya Shela, na mafuta hubaki pembeni. Hata kwa uangalifu, mara nyingi zaidi ya nusu hubaki mwambani.

Dhana: Mwamba wenye nafasi nyingi ndio bora.

Ukweli: Tope jipya lina nafasi nyingi kuliko mchanga, ila vitundu vyake ni vyembamba hata mafuta hayapiti. Kinachotakiwa ni vitundu vilivyoungana, yaani upenyevu. Mchanga uliopepetwa na upepo, chembe za ukubwa mmoja, huacha wazi karibu asilimia 40. Tope likiingia, huziba. Kisha uzito wa matabaka ya juu huubana, na joto likipita nyuzi 70 hadi 100 za Selsiasi hivi, silika (madini ya mchanga wenyewe) huota juu ya chembe na kuzigandisha kama saruji.

Matumbawe ni magumu zaidi kukisia. Maji ya mvua huyeyusha chokaa hapa na kuigandisha pale, kwa hiyo visima viwili jirani vinaweza kutofautiana kabisa.

Dhana: Tope halina kazi.

Ukweli: Likigeuka mwamba huwa kifuniko, bila hilo gesi hupotea. Na tope lenye mabaki ya viumbe, likipikwa na joto la kina, ndilo huzaa mafuta yenyewe.

Dhana: “Wamekuta” maana yake utajiri.

Ukweli: Kisima kingine cha beseni hilo, Mbawa-1, kilikuta gesi 2012, Sunbird-1 gesi na mafuta, hakuna kilichoendelezwa kibiashara. Ukisikia tangazo, uliza unene wa tabaka, upenyevu wake, na kama kisima kilijaribiwa kutiririka.