Mkate wa nyama si kababu kubwa: kuuoka na kuupaka sosi ya ukwaju

Mpishi wa Unguja au Pemba anapoujaribu mkate wa nyama, yaani nyama ya kusaga inayofinyangwa umbo la mkate na kuokwa, kwa mara ya kwanza, mara nyingi huuendea kwa mkono wa kababu, na hapo ndipo unapoharibika. Kababu hukandwa mpaka ishikane kwa sababu inakwenda kutumbukizwa katika mafuta ya moto, ambamo ikiwa imelegea itafumuka, na hukaa humo kwa dakika chache tu, kwa hiyo haiwahi kukauka. Mkate wa nyama hukaa ndani ya tanuri kwa takriban saa nzima. Nyama ya kusaga iliyokandwa sana na kutiwa chumvi hunata, na ikipata joto la muda huo hujikaza, hukamua maji yake yote kwenye treya, na kinachobaki hutafunika kama mpira. Mimi ni mpishi wa shughuli, nimezoea kukanda nyama ya kababu kwa beseni, na bado kila ninapofundisha chakula hiki jambo la kwanza ninalolisisitiza ni kuupumzisha mkono.

Chakula chenyewe si cha kwetu. Kinajulikana sana Marekani, ambako kilishamiri zaidi katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa kuwa mkate uliokauka na maziwa viliiwezesha nyama kidogo kulisha watu wengi. Wamarekani wengi huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, na pengine ya ndama. Kwetu nguruwe hana nafasi, lakini inafaa kuelewa alikuwa akifanya kazi gani humo, maana kazi hiyo lazima ifanywe na kitu kingine: alikuwa akileta mafuta laini. Ng'ombe wetu wa kienyeji, anayeshinda malishoni akiwa amefungwa kamba, hana mafuta mengi ndani ya nyama, na muuzaji ukimwomba nyama nzuri ya kusaga atakupa steki akidhani anakutendea hisani. Kwa chakula hiki steki ni hasara. Omba kidari au bega, na uombe mafuta yaongezwe mpaka yafikie karibu sehemu moja kwa kila sehemu nne za nyama. Isagwe mbele yako, mara moja tu, kwa sahani ya mashine yenye tundu pana, kwani nyama iliyosagwa mara mbili huwa kama uji hata kabla hujaigusa. Ukinunua Darajani au Chake Chake, nenda asubuhi na uifikishe nyama kwenye friji mapema. Vijidudu ambavyo katika pande zima hukaa juu, mashine ya kusagia huvisambaza mpaka ndani, na joto letu haliwachelewi.

Kwa watu sita hadi wanane natumia kilo moja ya nyama, gramu 120 za mkate wa jana, wa slesi au wa boflo, uliotolewa gamba, mililita 150 za maziwa na mayai mawili. Mkate na maziwa ndivyo vinavyostahili uangalifu mkubwa kuliko vyote. Uchambue mkate, umwagie maziwa, uuache dakika kumi, kisha uuponde kwa uma mpaka uwe rojo lisilo na mabonge. Wanga ulionyonya maziwa hujipenyeza kati ya nyuzi za nyama na kuzizuia zisikamatane kwa nguvu zinapoiva, na wakati huohuo hushikilia unyevu ambao ungemwagika. Chenga kavu za mkate zikitiwa moja kwa moja hufanya kinyume chake, kwani huufyonza unyevu wa nyama yenyewe. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu tui la nazi badala ya maziwa. Linafaa, na kwa upande wa mafuta linasaidia, lakini ladha yake hutawala, na sosi ya ukwaju ikipita juu yake huonekana kama inagombana na mchuzi wa jana.

Kitunguu maji kimoja kikubwa kikatwe vidogo sana, kikaangwe kwa samli kidogo mpaka kilainike, kisha kipoe kabisa. Kitunguu kibichi hutoa maji ndani ya mkate na kuacha mianya unapoukata. Tia chembe nne za thomu iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, nusu kijiko cha bizari nzima iliyokaangwa na kusagwa, kungumanga kidogo ya kukwaruza, kotmiri iliyokatwa na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Karafuu, pamoja na heshima yake yote kule Pemba, isitiwe humu, kwani punje mbili zilizosagwa zinatosha kuifunika nyama nzima. Papai bichi nalo liache kwenye mishkaki. Kazi yake ni kuvunjavunja nyama ngumu, na nyama ambayo mashine imekwisha kuivunja, ikikaa na papai kwa saa moja, hugeuka tope lisiloshika umbo.

Mayai, viungo na rojo la mkate vichanganywe kwanza peke yake mpaka viwe kitu kimoja, ndipo nyama itiwe. Kwa kufanya hivyo huhitaji kuigeuza nyama sana ili viungo vienee. Tumia vidole vilivyopanuliwa, uinue kutoka chini na kuachia, na usimame mara tu usipouona tena weupe wa mkate. Mchanganyiko utakuwa laini, wenye kunata kidogo, na mtu aliyezoea kababu atadhani umezidi maji. Uache hivyo hivyo. Ukitaka kujua chumvi imekaa sawa, kaanga kipande kidogo kwenye kikaango na ukionje, usionje kibichi.

Watu wengi huujaza mchanganyiko katika bati la mkate. Mimi naufinyanga kwa mikono iliyoloweshwa maji, juu ya treya iliyotandikwa karatasi ya jaribosi, uwe na urefu wa sentimita 25 hivi na upana wa sentimita 12. Ndani ya bati mkate hutokota katika mafuta yake, na sosi hupata upande wa juu tu. Ukiwa wazi, mafuta hutiririka pembeni, na pande zake hupata rangi na kupakwa pia.

Sosi itengenezwe wakati mkate uko tanurini. Loweka ukwaju katika maji ya moto, uukamue na kuuchuja upate robo kikombe ya maji mazito, uyaweke jikoni pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya tungule ya kopo, vijiko vinne vya sukari guru, chumvi kidogo na pilipili ya unga kiasi mnachokistahimili nyumbani. Wamarekani hutumia siki, nami naona ukwaju unaishinda, kwa sababu pamoja na ukali wake unaleta uzito unaoifanya sosi igande juu ya nyama. Ichemke kwa moto mdogo mpaka ukichota kwa kijiko na kukiinamisha idondoke taratibu, tone moja likilifuata jingine bila kuwa mkondo. Ikiwa nyepesi itateremka yote kwenye treya. Ikiwa nzito mno haitatandazika. Weka theluthi yake kando kwa ajili ya mezani, isije ikaguswa na brashi iliyopita juu ya nyama mbichi.

Tanuri iwe na nyuzi 180 za Selsiasi. Mkate uoke dakika 40 bila kupakwa chochote, kwa kuwa sukari haistahimili saa nzima ya moto: hugeuka nyeusi na chungu kabla nyama haijaiva katikati. Baada ya hapo paka mkono wa kwanza mwembamba, juu na pembeni, urudishe kwa dakika kumi ishike, kisha paka mkono wa pili mzito zaidi na uache dakika nyingine kumi hadi kumi na tano, mpaka sosi ing'are na kuanza kufanya vitone vidogo vya kuchemka kingoni.

Wasio na tanuri hawajafungiwa mlango. Waliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme, wanajua kuwa mapishi hayakusimama. Weka nyama katika sufuria pana iliyopakwa mafuta, uiteleke kwenye seredani yenye makaa machache, ufunike kwa sinia la bati na kupalia makaa mengi juu, kama unavyofanya kwa mkate wa kumimina. Tofauti iko kwenye sosi. Makaa ya juu huunguza sukari upesi kuliko tanuri, kwa hiyo ukishapaka punguza makaa ya juu kwa nusu, yaliyobaki yawe yamefunikwa na jivu, na ufunue kutazama kila baada ya dakika tano.

Katikati ya mkate pafike nyuzi 71. Kipimajoto cha jikoni ndicho cha kutegemea, maana rangi ya nyama ya kusaga hudanganya: huweza kuwa kahawia kabla haijaiva, au kubaki na wekundu ilhali imeiva. Ukitoka tanurini usikatwe kwa dakika 10 hadi 15, umwagiwe tu sosi iliyowekwa kando, kisha ukatwe kwa kisu chenye makali, vipande vya unene wa sentimita mbili. Uliwe ungali wa moto, kwani mafuta ya ng'ombe huganda mapema na kuacha utando mdomoni. Mbatata za kuponda huendana nao vizuri, na kachumbari yenye ndimu nyingi huukata ule utamu wa sosi. Wali wa nazi sikuukataza, ila ni mzito juu ya mzito. Vipande vitakavyobaki hukaa kwenye friji siku tatu. Visipashwe tanurini, vitakauka. Vikaangwe upande kwa upande kwa mafuta kidogo mpaka kingo zikauke, na vitiwe ndani ya boflo kwa chai ya asubuhi.