Simyuleta ya helikopta ya rimoti: inamfundisha nini mwanafunzi

Simyuleta ni programu ya kompyuta inayoiga chombo kwa hesabu. Unasukuma kijiti cha rimoti; programu inapiga hesabu ya uzito wa helikopta ndogo ya kurushwa kwa rimoti, kasi ya mapanga na pembe yake, kisha inakuonyesha kwenye skrini kile ambacho helikopta ya kweli ingefanya. Gemu hutaka ufurahi, kwa hiyo hukusaidia kimyakimya. Simyuleta nzuri hukuacha uanguke.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha babake cha vinanda, alichukua mifuko ya hewa na pampu za vinanda akaunda kijindege kisichoondoka chini, kinachoinama na kugeuka jinsi mwanafunzi anavyokiendesha. Mwanzoni wanunuzi walikuwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi la Marekani kufa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi likanunua sita. Leo laptopu ya kawaida yenye programu ya simyuleta kama RealFlight au AccuRC inatosha kwa mtu wa Kisauni au Likoni, Mombasa, anayetaka kurusha helikopta ya rimoti.

Na helikopta inaihitaji simyuleta kuliko droni. Zile droni za kupigia picha za harusi, ukiachia vijiti zinasimama hewani zenyewe, maana zina GPS na vihisio vya kuzishikilia. Helikopta ya kawaida ya rimoti haina kitu hicho. Mapanga makubwa yakizunguka upande mmoja, kiwiliwili kinataka kuzunguka upande wa pili, na panga dogo la mkiani ndilo linalokizuia. Ukiinamisha chombo kidogo kwenda mbele, nguvu ya kukiinua inapungua nacho kinaanza kushuka. Ukiongeza nguvu, mkia unasumbuka. Kuelea mahali pamoja, jambo linaloonekana kama kutofanya kitu, ni masahihisho madogo yasiyokoma, mfano wa kuzuia gololi isidondoke kutoka mgongoni mwa sahani iliyopinduliwa.

Masahihisho hayo hayawezi kungoja fikira. Ukianza kujiuliza "nisukume wapi?" umeshachelewa. Kwa hiyo anayesomeshwa na simyuleta hasa ni vidole, na vidole havielewi maelezo. Vinaelewa marudio tu.

Somo gumu kuliko yote ni pua. Helikopta ikiwa imekupa mgongo, kushoto kwake ni kushoto kwako. Ikigeuka ikakutazama, kushoto kwake kunakuwa kulia kwako, lakini vijiti havijabadilika. Nahodha wa jahazi halimsumbui hili: omo ni omo na tezi ni tezi, watu wa pwani wawe wamesimama upande gani. Yeye yumo chomboni. Wewe umesimama chini, nje ya chombo, na unatakiwa ufikiri kama uliye ndani.

Helikopta yangu ya kwanza ilikuwa ya ukubwa wa 450, mapanga yake kiasi cha sentimita 32 kila moja. Niliirusha Bamburi bila kupita kwenye simyuleta. Ilinyanyuka vizuri, ikageuka, pua ikanielekea. Ilianza kuteleza upande wangu wa kulia, nikasukuma kijiti kushoto kuirudisha, ikazidi kukimbia kulia mpaka ikapiga mchanga. Mapanga, mhimili na mkia vyote vilikwisha. Vipuri vikaagizwa ng'ambo, nami nikakaa wiki kadhaa nikitazama mabaki mezani. Hasara ile ningeipata bure kwenye skrini, mara mia, kwa jioni moja.

Kuna njia inayosaidia hapo, nami naipendekeza kwa moyo wote: pua ikikuelekea, sukuma kijiti upande ule ambao helikopta inainamia, kana kwamba unaweka gogo chini ya ukuta unaotaka kuanguka. Anza na mgongo, kisha ubavu, kisha pua, na usiuache upande mmoja mpaka uelee humo dakika nzima bila kuhangaika. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumapili.

Tumia rimoti halisi, iliyounganishwa kwa waya wa USB au kifaa chake cha kuchomeka kwenye laptopu. Kibodi haifai kabisa. Vidhibiti vya gemu navyo vina kasoro: kijiti cha kupandisha kinarudi katikati chenyewe, ilhali cha helikopta kinabaki pale ulipokiacha.

Jambo ambalo wengi hawalizoei ni swichi ya kukata mota. Kwenye skrini, chombo kikianza kuanguka, mkono hukimbilia kitufe cha kuanza upya. Tabia hiyo ni mbaya. Zoeza kidole kukata mota kabla mapanga hayajagusa ardhi, kila mara, kwa sababu uwanjani ndicho kitakachookoa gia, na huenda na mwili wa mtu. Helikopta hizi si vitu vya watoto. Mwaka 2013 kijana wa miaka 19, tena mzoefu, aliuawa na helikopta yake mwenyewe katika bustani moja mjini New York.

Yako pia mambo yasiyofundishika kwenye skrini. Skrini ni bapa, haikupi umbali kamili. Upepo wake ni wa hesabu. Kusi ya mwezi wa sita ikizunguka majengo na minazi ina mikato ambayo hakuna programu iliyowahi kunionyesha. Na moyo haudundi vile vile pale unapojua ukianguka utabonyeza kitufe.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kweli chagua asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, mahali pa wazi pasipo watu, mbali na njia ya ndege za uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Uliza KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwanza, kwani kanuni za Kenya za vyombo visivyo na rubani ndani, za mwaka 2020, ziko mikononi mwao. Simama nyuma ya mkia, nyanyua, elea, tua. Betri moja inatosha. Jioni fungua laptopu urudie kile kilichokutetemesha mikono asubuhi.