Unga wa seli shina, uloto wa Muhimbili na magugu ya ndago

Jirani yangu, mzee anayekwenda kwenye dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, kila baada ya wiki tatu, alinionyesha kiboksi alichouziwa. Ndani kuna vipakiti vya unga wa rangi ya waridi. Nje kuna picha ya tufaha lililokatwa nusu na maneno "seli shina" kwa herufi za dhahabu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, chini ya ulimi. "Si ndizo hizi hizi wanazopandikiza watu pale Hospitali ya Muhimbili?" akaniuliza. Swali la haki kabisa, na jibu ni hapana. Hilo na madai mengine ya mitaani kuhusu seli shina na saratani nayajibu hapa, moja moja.

Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu. Inaweza kujinakili ikabaki vilevile, na inaweza kuzaa seli zenye kazi zao. Zile za damu zinakaa kwenye uloto, ambao wengine huuita uboho, ndani ya mifupa. Mwaka 1961 huko Toronto, Kanada, watafiti James Till na Ernest McCulloch waliwapiga panya mionzi mpaka uloto wao ukafa, wakawadunga uloto wa panya wengine. Siku kama kumi baadaye wengu zikaota vinundu vya damu mpya. Hapo ndipo kazi ya seli hizi ilipoanza kuonekana kwa macho.

"Seli shina za tufaha zinajenga upya mwili."

Za tufaha hujenga tufaha. Ukizimeza, tumbo linazisaga kama linavyosaga kachumbari. Sina la kuongeza hapa, ila kwamba mgonjwa wa kemo amwonyeshe daktari wake kila unga anaotumia, kwa sababu baadhi ya virutubisho hugombana na dawa.

"Kwenye upandikizaji, seli shina ndizo zinazoua saratani."

Hata watu waliosoma husema hivi, na si ajabu, maana jina lenyewe linapotosha. Chukua saratani ya damu iitwayo mayeloma, ambayo kwayo Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021. Mgonjwa huchomwa sindano kwa siku kadhaa ili seli shina zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Kisha damu inapitishwa kwenye mashine: seli shina zinabaki, damu nyingine inamrudia. Zikishahifadhiwa, anapewa dozi kubwa ya dawa ya kemo, kubwa kiasi kwamba inateketeza saratani na uloto pamoja. Muuaji ni hiyo dawa. Seli zake mwenyewe zinarudishwa baadaye kumwokoa, asife kwa kukosa damu na kinga.

Na huko kurudishwa hakuna kisu. Ni mfuko unaoning'inia kama wa damu, unaingia mshipani taratibu. Seli zikiwa zimegandishwa, ile dawa iliyozikinga na barafu hutoka kwa pumzi, chumba kizima kikanuka kama kitunguu saumu. Baada ya hapo ni kusubiri, mara nyingi wiki mbili hivi, kila asubuhi mtu anaulizia chembe nyeupe za damu zimepanda hadi ngapi.

Upande mmoja, hata hivyo, dhana ile ina chembe ya ukweli. Seli zikitoka kwa mtu mwingine, tuseme ndugu wa baba na mama mmoja (kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu), zinazaa kinga mpya, na kinga hiyo huweza kuzitambua seli za lukemia, saratani nyingine ya damu, kama wageni ikazishambulia. Ubaya ni kwamba huweza pia kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa.

"Anayechangia uloto hutobolewa uti wa mgongo na kupooza."

Uti wa mgongo hauguswi. Ama ni ile mashine ya damu, ama sindano kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Nyonga itauma siku kadhaa, na uloto alioutoa utajijaza tena.

"Uvimbe ukinywea, umepona."

Mkulima yeyote anaijua ndago. Unaikwatua, shamba linang'aa, wiki moja haijapita imechomoza, kwa sababu kile kiazi cha chini hukukigusa. Baadhi ya saratani huwa hivyo. Mwaka 1994, timu ya mtafiti John Dick, Toronto hiyohiyo, ilionyesha kwamba katika aina moja ya lukemia kali ni seli chache tu zilizoweza kuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya, nazo zilifanana na seli shina.

Mfano ulio wazi zaidi ni lukemia sugu ya mayeloidi. Inaanza pale seli shina moja ya damu inapokosea, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vikabadilishana nafasi. Kidonge cha imatinibu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, kimewarudisha watu wengi kwenye maisha ya kawaida. Lakini seli shina zilizolala hazisikii sana dawa hiyo, ndiyo maana wengi huendelea kumeza kila siku ingawa vipimo ni safi. Wako walioacha wakabaki salama, ila waliacha baada ya miaka ya majibu mazuri, daktari akiwapima mara kwa mara.

Nisije nikauza hadithi hii kwa jumla. Kwa saratani ya ngozi ya melanoma, utafiti wa mwaka 2008 ulikuta takriban seli moja kati ya nne inaweza kuanzisha uvimbe kwenye panya wasio na kinga. Huko si viazi vichache vilivyojificha; karibu robo ya seli ni viazi.

"Kama seli shina za kuuzwa hazisaidii, angalau hazidhuru."

Unga wa tufaha pengine utadhuru mfuko wa pesa tu. Sindano ni habari nyingine. Mvulana mmoja kutoka Israeli, mgonjwa wa neva, alipelekwa Moscow akadungwa seli shina za ubongo wa vijusi, mara ya kwanza akiwa na miaka 9. Miaka minne baadaye walikuta vimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo wake. Ripoti ilitoka mwaka 2009: vinasaba vya uvimbe huo havikuwa vya mtoto, vilikuwa vya wachangiaji wasiopungua wawili.